Feni za kupoza tangi la samaki zisizo na kelele: jinsi ya kuchagua na kufunga

Feni ya tangi hupiga kelele kwa sababu tatu: inazunguka kwa kasi mno, inahangaika kupitisha hewa, au inatikisa mbao za kifuniko. Zote tatu huzuilika mapema, na nyingi huanzia dukani.

Hatua ya 1: Pima kifuniko. Zidisha urefu, upana na kimo cha ndani kwa sentimita, kisha gawanya kwa 1,000 upate lita. Kifuniko cha 120 × 50 × 25 kina lita 150. Feni ya mita za ujazo 50 kwa saa huibadilisha hewa hiyo yote kwa sekunde 11 hivi, kwa hiyo nguvu nyingi hazihitajiki. Ikiwa boksi limeandikwa CFM (futi za ujazo kwa dakika), zidisha kwa 1.7 upate mita za ujazo kwa saa.

Hatua ya 2: Nunua feni pana ya mwendo wa polepole. Feni ya milimita 120 ina eneo mara 2.25 ya ile ya milimita 80, ndiyo maana husukuma hewa ileile kwa mizunguko michache. Tafuta ya mizunguko 800 hadi 1,200 kwa dakika. Feni mbili zinazofanana huongeza desibeli 3 tu juu ya moja, hivyo mbili za taratibu ni bora kuliko moja ya kasi. Namba ya desibeli kwenye boksi isikudanganye: kwa kawaida hupimwa feni ikiwa wazi, bila wavu wala mbao.

Angalia pia beringi. Feni za bei ya chini hutumia bushi yenye mafuta; ukiilaza juu ya joto la taa, mafuta hukauka na feni huanza kukwaruza. Beringi ya gololi huvumilia kulazwa, ila ina mvumo mdogo. Ya kimiminika ndiyo tulivu zaidi.

Hatua ya 3: Punguza volti. Tumia feni za volti 12 na adapta inayobadilishwa: 6, 7.5, 9 na 12. Anza na 7.5. Zima na kuwasha mara kadhaa. Ikinguruma bila kuzunguka, panda hadi 9. Jumlisha ampea za feni zote, kisha ongeza nusu: mbili za ampea 0.2 zinataka adapta isiyopungua 0.6.

Hatua ya 4: Toboa na ufunge. Toboa tundu moja lenye upana wa mapanga. Vitundu vidogo vingi hupiga mluzi, na hakuna feni ghali itakayouponya. Weka wavu wa waya mwembamba, mbali kidogo na mapanga. Funga kwa pini za mpira au washa (pete) laini za mpira, usikaze sana. Upande wa pili acha njia ya kutokea hewa, angalau sentimita za mraba 100 kwa kila feni ya milimita 120.

Hatua ya 5: Puliza kuingia ndani. Wengi huweka moja ya kuingiza na moja ya kutoa. Ni afadhali zote ziingize, kwa sababu feni inayotoa huvuta mvuke, na kwenye tangi la maji ya chumvi huliwa na kutu mapema. Bila mshale kwenye fremu, hewa hutokea upande wenye mikono inayoshika mota. Ielekeze ipite juu ya uso wa maji: kinachopoza hasa ni maji kugeuka mvuke, na kila lita inayopotea huondoka na joto la kama kilowati-saa 0.67. Chumba chenye unyevu mwingi hupunguza kazi hii. Jaza pengo kwa maji yasiyo na chumvi, hata kwenye tangi la bahari, maana chumvi haitoki na mvuke.

Hatua ya 6: Waya na thamostati. Acha waya uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili matone yasiingie. Weka thamostati (kidhibiti joto) iwashe feni kwenye nyuzi 26, na hita izime kwenye 24, zisishindane.

Kelele ikibaki, bonyeza fremu ya feni kwa kidole. Ikipungua, ni mtikisiko: ongeza mpira. Isipobadilika, ondoa wavu. Mluzi ukiisha, usogeze mbali zaidi na mapanga. Ikiendelea kugonga kwa mpigo, beringi imekwisha, badilisha feni.