Kuuma na Kupuliza: Namna ya Kumchunguza Mgombea Anayeikemea Hollywood na Kupokea Fedha Zake

Kila msimu wa uchaguzi nchini Marekani hutokea wagombea wanaosimama jukwaani kuilaumu tasnia ya burudani kwa kuwaharibu watoto, kisha baadhi yao huonekana katika hafla za kuchangisha fedha zilizoandaliwa na wakuu wa tasnia hiyohiyo. Tabia hiyo ya panya, kuuma na kupuliza, ni rahisi kuituhumu lakini ni kazi kuithibitisha. Kumbukumbu zinazohitajika ziko wazi kwa umma na hazilipiwi, na kinachotakiwa ni subira pamoja na kalenda moja yenye safu tatu: mgombea alisema nini, alipokea nini, na alitenda nini.

Anza na maneno. Tafuta hotuba yenyewe, usitegemee kipande kilichonukuliwa na wapinzani wake, na uandike tarehe kamili pamoja na siku ya juma. Andika vilevile ni nani hasa aliyelaumiwa, kwa kuwa mgombea aliyewakemea wakuu wa studio kwa namna wanavyotangaza filamu hajawakemea wapiga picha, waandishi wa hadithi za filamu wala mafundi wa taa, na mchango wa fundi wa taa hauthibitishi lolote dhidi yake.

Umuhimu wa tarehe unaonekana vizuri katika Septemba 2000. Jumatatu tarehe 11, Tume ya Shirikisho ya Biashara ilitoa ripoti ambayo Rais Bill Clinton alikuwa ameiagiza mwaka uliotangulia, baada ya mauaji katika shule ya Columbine. Ripoti ilieleza kwamba kati ya filamu 44 zilizochunguzwa, zote zikiwa na alama ya R (yaani aliye chini ya miaka 17 haruhusiwi kuitazama sinemani bila mtu mzima) kwa sababu ya ukatili, filamu 35 zilitangazwa kwa kuwalenga watoto walio chini ya miaka 17. Al Gore, aliyekuwa akigombea urais, aliipa tasnia miezi sita ijirekebishe. Jumatano tarehe 13, mgombea mwenza wake, Joseph Lieberman, alikuwa mbele ya kamati ya Seneti iliyoongozwa na John McCain akiendeleza lawama. Alhamisi tarehe 14 wote wawili walikuwa Radio City Music Hall, New York, katika tamasha la kukichangia chama cha Democratic ambalo Harvey Weinstein wa kampuni ya filamu ya Miramax alikuwa mmoja wa waandaaji wake, na zikakusanywa zaidi ya dola milioni 6. Jumatatu iliyofuata walikuwa Beverly Hills, ambako Lieberman aliwahakikishia wenyeji wake kwamba serikali haitawaamuru kwa sheria watengeneze nini. Ukiandika tu kwamba "mwaka 2000 walikemea na wakapokea," umeupoteza ushahidi wote, kwa sababu uzito wake uko katika siku zile nane.

Baada ya maneno, fuata fedha. Michango ya kampeni za urais, Seneti na Baraza la Wawakilishi huripotiwa kwa Tume ya Shirikisho ya Uchaguzi, na tovuti ya tume hiyo, fec.gov, ina sehemu ya kutafuta wachangiaji binafsi. Mtu aliyetoa jumla ya zaidi ya dola 200 kwa mgombea katika mzunguko mmoja wa uchaguzi huorodheshwa kwa jina, kazi yake, mwajiri wake, tarehe na kiasi alichotoa. Kampuni zenyewe zimekatazwa kuwachangia wagombea wa ngazi ya shirikisho tangu mwaka 1907, kwa hiyo usipoteze muda kutafuta hundi ya studio. Utakachokikuta ni michango ya watu wanaofanya kazi katika studio, pamoja na ile ya kamati za siasa ziitwazo PAC, ambazo hukusanya fedha kwa wafanyakazi na wanahisa na zinaruhusiwa kumpa mgombea hadi dola 5,000 kwa kila uchaguzi, ule wa mchujo ukihesabiwa peke yake.

Hapa ndipo wengi hukosea. Ukiandika neno "Disney" katika kisanduku cha mwajiri, utaletewa orodha ndefu ambamo kampuni hiyohiyo imeandikwa kwa namna nyingi, kwa sababu jina la mwajiri ni lile alilolijaza mchangiaji mwenyewe. Ndani ya orodha hiyo mkurugenzi wa studio anaweza kukaa mstari mmoja na dereva wa basi la bustani za burudani, na kuwajumlisha wote kuwa "fedha za Hollywood" ni uzembe, au ni ujanja. Upande wa pili, mtayarishaji tajiri huenda asionekane kabisa ukitafuta kwa jina la studio, kwa kuwa amejiandika kuwa amejiajiri. Soma safu ya kazi pamoja na safu ya mwajiri, na umtazame pia mwenzi wake wa ndoa, kwani kila mmoja ana kikomo chake cha kuchangia. Shirika la OpenSecrets limekwisha kuipanga michango kwa tasnia, likiwa na kundi la televisheni, filamu na muziki. Takwimu zake ni mahali pazuri pa kuanzia, lakini mimi binafsi siandiki tuhuma yoyote kabla sijaifungua ripoti yenyewe iliyowasilishwa kwa tume.

Usiishie kwenye kamati ya mgombea. Mwaka 2000 Gore alikubali ruzuku ya serikali kwa uchaguzi mkuu, jambo lililomzuia kupokea michango ya watu binafsi kwa kampeni yake ya hatua hiyo, na zile milioni za Radio City zilikwenda kwa chama, ambacho wakati ule kiliweza kupokea fedha zisizo na kikomo. Sheria ya mwaka 2002 iliufunga mlango huo kwa vyama vya taifa, lakini hukumu za mahakama za mwaka 2010 zilifungua mwingine, yaani kamati za super PAC, ambazo hupokea kiasi chochote mradi zisishirikiane na mgombea katika matumizi yake. Tazama basi kamati ya mgombea, kamati za pamoja za uchangishaji (zinazochangisha kwa niaba ya mgombea pamoja na chama au wagombea wengine), chama chake, na super PAC inayomuunga mkono, na uzitenganishe katika maelezo yako.

Tume ya Shirikisho ya Uchaguzi haihusiki na chaguzi za majimbo. Mfano wa Florida unafaa hapa, na unaonyesha kwamba ugonjwa huu hauna chama. Disney ilikuwa imewachangia wanasiasa wa Republican wa jimbo hilo, akiwamo Gavana Ron DeSantis, kwa sababu sheria za Florida zinaruhusu kampuni kuchangia moja kwa moja. Machi 2022, baada ya mvutano juu ya sheria inayohusu mafunzo ya masuala ya jinsia shuleni, kampuni ilitangaza kusitisha michango yake jimboni, na mwezi uliofuata gavana alitia saini sheria ya kuivunja wilaya maalumu iliyoipa Disney madaraka ya kujiendeshea eneo lake. Kumbukumbu za michango ile ziko kwa idara ya uchaguzi ya Florida.

Safu ya tatu, ya matendo, ndiyo inayopuuzwa kuliko zote, ingawa bila hiyo hujathibitisha unafiki. Lieberman aliyepuliza kule Beverly Hills ndiye aliyewasilisha, Aprili 2001, pamoja na maseneta wenzake Hillary Clinton na Herb Kohl, muswada wa kuipa Tume ya Biashara uwezo wa kuzibana kampuni zinazowatangazia watoto kazi zilizowekewa alama ya watu wazima. Muswada haukupita, lakini anayemshtaki Lieberman bila kuutaja hajamtendea haki.

Tena jiulize tasnia inataka nini hasa kwa mwanasiasa. Kukemewa jukwaani hakuipunguzii studio mapato, wakati hakimiliki huyagusa moja kwa moja. Mwaka 1998 Bunge liliongeza miaka 20 kwenye muda wa hakimiliki, hata kazi zinazomilikiwa na kampuni zikafikia miaka 95 tangu kuchapishwa, na hatua hiyo ilipita bila kura ya kuitana majina, ile inayoandika kila mbunge amepiga vipi. Kwa hiyo usitazame kura peke yake. Fungua congress.gov, tovuti ya Bunge la Marekani, uone nani waliodhamini muswada, kisha usome ripoti za ushawishi kwa wanasiasa ambazo studio na mashirika ya tasnia yao huwasilisha kila robo mwaka.

Kabla ya kuchapisha, fungua sehemu ya matumizi katika ripoti ya mgombea utafute marejesho, kwa kuwa mchango uliopokelewa Machi huenda ulirudishwa Juni. Ripoti pia husahihishwa, hivyo andika tarehe uliyoisoma na uhifadhi nakala. Wachangiaji wa kawaida usiwataje kwa majina wala usitoe anwani zao, na ukumbuke kwamba sheria inakataza kuzitumia orodha hizo kuwaomba watu michango au kwa biashara.