Bustani Mpya Kwenye Eneo la Kihistoria: Anza na Maji na Miti Mikongwe

Ukikabidhiwa kona ya eneo la kale ili upande bustani mpya, usianze na orodha ya maua. Ngoja mvua kubwa, vaa buti, uzunguke. Maji yanaingilia wapi, yanatuama wapi, yanabeba udongo wapi? Mara nyingi utakuta waliotangulia walishalishughulikia hilo: mtaro wa mawe uliozibwa na majani, birika la zamani la kuhifadhia maji, matuta ya kupunguza kasi ya mteremko. Wasiliana na wataalamu wa mambo ya kale, kisha vizibue na kuvikarabati kabla ya kununua bomba. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, hivyo paa la mita za mraba 100 likipata milimita 20 linateremsha karibu lita 2,000. Hayo ni maji ya kiangazi, yasipotee.

Miti mikongwe ndiyo inayoniumiza roho zaidi, kwa sababu huuawa na watu wenye nia njema. Sehemu kubwa ya mizizi iko kwenye sentimita 60 za juu na huenea kupita ncha za matawi. Pima kipenyo cha shina kwa urefu wa mita 1.5 kutoka ardhini, zidisha mara 15. Shina la mita 1 linahitaji mita 15 kila upande zisizochimbwa, zisizopitishwa trekta wala kumwagwa kifusi. Mita 5 kutoka ncha za matawi zikifika mbali zaidi ya hapo, tumia kipimo hicho. Ndani ya duara hilo weka matandazo ya vipande vya matawi, unene wa sentimita 5 hadi 8, yasiguse shina maana gome litaoza.

Mimea ichaguliwe kwa udongo na jua la mahali hapo. Kule Sissinghurst, Uingereza, mwandishi Vita Sackville-West alianzisha katika miaka ya 1930 bustani iliyoiga kisiwa cha Delos cha Ugiriki. Ilimshinda: eneo lilielekea kaskazini na udongo ulikuwa mfinyanzi mzito. Mbunifu Dan Pearson alipoifufua zaidi ya miaka 80 baadaye, alirekebisha kwanza mwelekeo wa vitalu na upitishaji wa maji, ndipo akapanda mimea inayopenda ukame.

Panda miche midogo, maana hushika haraka kuliko mikubwa. Changanya jamii nyingi, ili ugonjwa au ukame ukija usifagie vyote. Miaka miwili ya kwanza mwagilia maji mengi mara chache, wala si kidogo kidogo kila siku. Mizizi ifuate unyevu chini.

Njia mpya zijengwe juu ya ardhi, mawe yakae kwenye mchanga bila saruji: mvua itapenya, na atakayekuja baadaye ataweza kuyaondoa bila kuharibu kilicho chini.