Unataka bastola ya kutembelea porini? Anza na masikio yako

Mpwa wangu yuko Alaska huko Marekani, wikiendi kazi yake kupanda milima kwenye nchi ya dubu, kaniuliza anunue bastola gani, na huku Tanga nako kila nikikaa kijiweni Ngamiani hakosekani mtu mwenye shamba njia ya Handeni au Pangani anataka kujua hilohilo, basi acha niandike mara moja wote msome. Watu wakiongelea bastola ya porini wanaongelea nguvu ya risasi, uzito na bei, basi. Masikio hamna anayeyataja. Wakati porini ndo sehemu utakayopiga risasi ukiwa huna kitu masikioni, manake kwenye uwanja wa shabaha unavaa vifuniko kabla hata hujashika silaha, ila mnyama akichomoka kichakani hakupi muda wa kuvaa chochote.

Sheria kwanza, kwa kifupi. Bongo silaha inaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya 2015, maombi yanaanzia serikali ya mtaa au kijiji yanapanda mpaka polisi, njia ya mkato hamna, na anayekwambia ipo anakutafutia jela. Na hata ukiwa na leseni, Amani, Magamba, Saadani, Mkomazi, zote hizo hifadhi, huingii na bastola kiunoni bila kibali eti unatembea tu, chukua askari wa hifadhi mwenye bunduki yake na we beba maji. Kwa hiyo kwa sisi wa huku tunaongelea shamba lako na njia ya kwenda shambani. Marekani ni habari nyingine, tangu Februari 2010 unaruhusiwa kubeba silaha kwenye hifadhi za taifa kwa kufuata sheria za jimbo husika, ila kubeba na kufyatua ni vitu viwili tofauti.

Alafu jiulize kama unaihitaji kweli. Mpwa nimemwambia anunue kwanza kopo la pilipili ya kupulizia dubu, inafika mita 7 mpaka 9 hivi, inatengeneza wingu mbele ya mnyama na sikio lako halijui hata kama kuna kitu kimetokea. Bastola iwe ya pili.

Haya, tuje kwenye kelele yenyewe. Sauti inapimwa kwa desibeli. Kiwandani kiwango kinachoshauriwa ni 85 kwa masaa 8, ukizidi hapo ndo uvae kinga. Mlio wa ghafla kama wa risasi una kipimo chake, Shirika la Afya Duniani linasema kilele kisizidi 140 kwa mtu mzima na 120 kwa mtoto. Sasa bastola karibu zote ziko juu ya 140, yaani risasi moja tu bila kinga inaweza kukuachia ubovu wa kudumu. Kwa makadirio, na haya majina ni ya aina za risasi, .38 Special iko kama 156, .45 ACP kama 157, 9mm inakaribia 160, .357 Magnum inafika 164, na .44 Magnum wako jirani hukohuko. Usiangalie 157 na 164 ukasema ah, tofauti ndogo. Kila ukiongeza desibeli 3 nishati ya sauti inakuwa mara mbili, kwa hiyo hizo 7 ni kama mara tano. Na sikio halina muda wa kujikinga, ile misuli midogo ya ndani inayokaza sauti ikizidi inachelewa, mlio wa risasi umeshapita. Vile vinyweleo vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti vikifa kwa binadamu havioti tena, hamna dawa, hamna mganga.

Kwa hiyo unapochagua, cha kwanza angalia urefu wa mtutu. Watu wanapenda vile vibastola vifupi vya sentimita 5 sababu vinakaa mfukoni, lakini mtutu mfupi maana yake baruti haijamaliza kuungua risasi inatoka, inamalizikia nje mbele ya uso wako, unaona moto mkubwa na mlio unapasua. Chukua mtutu wa sentimita 10 kwenda juu, ukipata 12 au 15 bora zaidi, kwanza mlipuko unasogea mbali na kichwa, pili unalenga vizuri. Rivolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka, ikiwa ya risasi za magnum na mtutu wa sentimita 5 ndo kitu kibaya kuliko vyote unavyoweza kumnunulia mtu anayetembea porini, na ndo muuzaji atakayokusifia eti nyepesi.

Cha pili, matundu. Kuna bastola zina matundu juu ya mtutu au kidude mbele cha kupunguza kurusha mkono, zinapiga vizuri kweli, ila gesi ile inayotoka juu na pembeni inarudi kwako na kwa aliye pembeni yako. Kwenye mashindano watu wote wamevaa kinga sawa, porini hapana.

Cha tatu, rivolva au ya magazini, ile ambayo risasi zinakaa kwenye kisanduku ndani ya mpini, na hapa ndo nakaa sana. Shika rivolva tupu, hakikisha tena ni tupu, fungua uangalie, alafu ifunge uitazame kwa pembeni kwenye mwanga. Kati ya silinda na mtutu utaona mstari mwembamba wa mwanga. Pale ndo gesi inapotokea kila ukipiga, mbali na ile ya mdomoni, kwa hiyo rivolva ina midomo miwili na mmoja uko karibu zaidi na sikio lako. Ndo maana pia haushiki kidole pale mbele ya silinda, gesi ile inachana ngozi. Bastola ya magazini haina huo mwanya. Wazee wengi wanapenda rivolva sababu haikwami, na hilo nawapa, ila kama rivolva ni lazima basi nunua ya .357 alafu shambani ipakie .38 Special, inaingia vizuri tu. Presha ya juu inayoruhusiwa kwenye .38 Special ya kawaida ni 17,000 psi (kipimo cha presha), ya .357 ni 35,000. Mlio unashuka na mkono unatulia. Kinyume chake usijaribu, .357 kwenye rivolva ya .38 ni kutafuta ajali.

Kwa hesabu hiyohiyo ya presha .45 ACP ni 21,000 wakati 9mm ni 35,000, na .45 inatembea chini ya mwendo wa sauti, kwa hiyo haina ule mpasuko wa risasi hewani. Kuna risasi za 9mm nzito, gireni 147 (gireni ni kipimo cha uzito wa risasi), nazo nyingi zinatembea taratibu hivyohivyo. Lakini msidanganyike, mlipuko wa mdomoni upo palepale, unapunguza kidogo tu, hujawa salama.

Mi kwa mtu wa Tanga mwenye leseni na shamba ningesema 9mm ya magazini, mtutu sentimita 11 au 12, haina matundu, na hizo risasi nzito kama zinapatikana dukani, mana risasi usizozipata kirahisi hutazifanyia mazoezi. Kwa mpwa wangu hesabu inabadilika, dubu ana mwili mnene, huko wengi wanabeba 10mm au .44 Magnum zenye risasi ngumu ya kuzama ndani, na hizo kelele yake ni ya juu, hamna namna. Kati ya hizo mbili nimemwambia 10mm yenye mtutu mrefu, sababu haina mwanya wa silinda, inabeba risasi nyingi na inarudi kwenye shabaha haraka. Vizuia mlio mwanangu asahau, vinarefusha bastola mpaka haichomoki haraka, na we wa huku usiviulizie hata kwa utani.

Kinga ya masikio ya kutembea nayo ipo. Vipo vifuniko vya elektroniki, vina maiki ndogo nje, unasikia kijiti kikivunjika na mwenzako akikuita, alafu mlio mkubwa ukija vinakata wenyewe. Kwa baridi ya Alaska ni raha tupu, kwa joto la Tanga mwezi wa pili masikio yatachemka kama maandazi, kwa hiyo huku chukua vile vya kuchomeka vyenye kichujio, vinaruhusu maongezi na kubana mlipuko, vina kamba unavining'iniza shingoni. Ukifika penye kichaka kinene unavivaa kabla, sio baada. Pamba usinipe, pamba ni kujifariji.

Kwenye mazoezi vaa vyote viwili, vya povu ndani na vifuniko juu. Vya povu wengi wanavivaa vibaya, wanavisukuma tu vinabaki vimetokeza nje. Kiviringishe kwa vidole vikavu mpaka kiwe chembamba kama njiti, mkono wa upande wa pili upitishe nyuma ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, kichomeke, alafu kishikilie kwa kidole sekunde 30 kivimbe humo humo. Ukisikia sauti yako mwenyewe imekuwa nzito kama unaongelea ndani ya pipa, kimekaa. Na ile namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi la kinga, ya desibeli inazopunguza, usiichukulie hivyohivyo, wa usalama kazini Marekani wanatoa 7 alafu wanagawa kwa 2, kwa hiyo 29 inakuwa 11. Kuvaa viwili pamoja kunaongeza kama 5 tu, haijumlishwi.

Uliongozana na watu? Aliye mbele yako pembeni ya mdomo wa bastola anaumia kuliko wewe mpigaji, kwa hiyo mkubaliane mapema, ukisema "chini" wanarudi nyuma yako. Watoto wasiwepo kabisa. Usipige ukiwa ndani ya gari, chini ya bati au umeegemea mwamba, mlio unarudi.

Ikitokea umepiga bila kinga, masikio yatavuma. Kaa mbali na kelele, muziki na bodaboda za bomba wazi pia. Kama kesho yake bado yanavuma, au upande mmoja unasikia kwa mbali, usisubiri wiki iishe na usitie mafuta ya moto, nenda Bombo au hospitali iliyo karibu ukawaambie wazi ni mlio wa silaha na saa ngapi ulipiga, zipo dawa zinazoweza kusaidia ila zinataka kuanzwa mapema, ndani ya siku chache za mwanzo.