Kupata Ruhusa ya Kupanua Nyumba Yako Nchini Uingereza

Anayetaka kuongeza jiko au chumba nyuma ya nyumba yake nchini Uingereza mara nyingi huhitaji ruhusa zaidi ya moja, kila moja ikiwa na mtoaji wake, na kuipata hii hakumaanishi kwamba ameipata ile. Hapo ndipo wengi wanapokwama: wameshika barua ya halmashauri, wameanza kuchimba msingi, ndipo jirani anapowasimamisha kwa haki kabisa. Uraia hauna uzito katika jambo hili, kwa kuwa kibali cha mipango, yaani ruhusa ya halmashauri kuhusu kinachoweza kujengwa kwenye kiwanja, hufuata ardhi na si mtu, na mwenye nyumba anayeishi nje ya nchi anaweza kumtumia wakala kuwasilisha maombi yake. Uskoti, Welisi na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao, kwa hiyo vipimo vinavyofuata visitumiwe huko.

Kwanza chunguza kama unalazimika kuomba kibali cha mipango. Sheria huruhusu upanuzi wa kiasi bila maombi: wa ghorofa moja nyuma ya nyumba unaweza kutokeza hadi mita 3 ikiwa nyumba imeungana na nyingine, au mita 4 ikiwa imesimama peke yake. Kimo kisizidi mita 4, na ukijenga ndani ya mita 2 kutoka kwenye mpaka wa kiwanja, ukingo wa paa usizidi mita 3. Majengo yote ya nyongeza, pamoja na mabanda, yasifunike zaidi ya nusu ya ardhi inayoizunguka nyumba.

Vipimo hivyo huanzia kwenye nyumba ya asili, yaani nyumba jinsi ilivyokuwa tarehe 1 Julai 1948, au jinsi ilivyojengwa mara ya kwanza ikiwa ni ya baadaye. Kosa la hapa ni rahisi kulifanya na ni gumu kulirekebisha. Ukinunua nyumba ambayo mmiliki wa zamani aliongeza mita 2 kwa nyuma, huenda ukadhani una mita 3 zako kamili, kumbe mita 2 zimekwisha kutumika kabla hujafika. Tafuta kumbukumbu za maombi ya zamani katika halmashauri, na ulinganishe michoro hiyo na nyumba unayoiona.

Nafuu hii ya kujenga bila maombi haizihusu fleti, na hubanwa katika maeneo ya hifadhi, yaani mitaa inayolindwa kwa ajili ya historia au mwonekano wake. Jengo lililoorodheshwa kwa thamani yake ya kihistoria huhitaji idhini ya pekee, na kulibadilisha bila idhini hiyo ni kosa la jinai. Nje ya maeneo ya hifadhi, upanuzi wa nyuma unaweza kufika mita 6, au mita 8 kwa nyumba iliyosimama peke yake, mradi upate kwanza idhini ya awali ya halmashauri. Majirani hupewa siku 21 za kutoa maoni, na halmashauri hutakiwa kuamua ndani ya siku 42.

Hata pale ambapo maombi hayahitajiki, nashauri kwa dhati uombe cheti cha uhalali wa ujenzi. Siku utakapouza nyumba, mwanasheria wa mnunuzi atataka uthibitisho, na maneno ya fundi hayatamtosha.

Maombi kamili ya kibali cha mipango huwasilishwa kwa halmashauri, kwa kawaida kupitia mtandao, yakiwa na ramani ya mahali kwa kipimo cha 1:1250 au 1:2500 yenye mstari mwekundu kuzunguka kiwanja, pamoja na michoro ya nyumba ilivyo na itakavyokuwa. Muda wa kawaida wa uamuzi ni wiki 8. Afisa wa mipango hupima mwanga, faragha na mwonekano wa mtaa. Malalamiko kwamba nyumba ya jirani itashuka thamani hayahesabiwi. Ukikataliwa, una wiki 12 za kukata rufaa, ingawa mara nyingi kurekebisha mchoro kulingana na sababu zilizoandikwa ni njia fupi zaidi. Ukikubaliwa, kwa kawaida una miaka 3 ya kuanza kazi.

Sasa mgeukie jirani. Sheria ya kuta za pamoja ya mwaka 1996 inataka umpe taarifa ya maandishi miezi 2 kabla ya kugusa ukuta mnaoshirikiana, au mwezi 1 kabla ya kuchimba ndani ya mita 3 kutoka jengo lake kwa kina kinachopita msingi wake. Asipojibu ndani ya siku 14, kimya chake huhesabiwa kuwa mgogoro, na wapimaji huteuliwa kuuamua. Nenda ukazungumze naye ana kwa ana ukiwa na mchoro mkononi, kabla karatasi hiyo haijamfikia.

Ikiwa bomba la umma la maji taka liko ndani ya mita 3, kampuni ya maji lazima iridhie. Benki inayodai mkopo wa nyumba na kampuni ya bima nazo ziarifiwe mapema. Kanuni za ujenzi husimamiwa kando na kibali cha mipango: mkaguzi huangalia msingi, mifereji, mihimili na vizuia upotevu wa joto kazi inavyoendelea, kwa hiyo usiruhusu zege limwagwe kabla hajauona mtaro wa msingi. Malipo ya mwisho ya mkandarasi yabaki mkononi mwako hadi cheti cha ukamilishaji kitolewe.