Kinyama cha titi kutoka Pemba mpaka kipimo cha jeni

Uvimbe wa saratani ya titi ukitolewa, andika saa ulipotolewa, hapo hapo. Ndani ya saa 1 uwe umeshaingia kwenye fomalini ya asilimia 10 yenye bafa, ujazo mara 10 ya kinyama, katika chupa ya mdomo mpana. Uvimbe mkubwa upasuliwe kwanza kila milimita 5. Fomalini hupenya polepole: ukiukata kesho yake ukaona nje kijivu na katikati bado wekundu, jua RNA (nakala za jeni ambazo kipimo kinazisoma) ya ndani imeshaharibika, na kipimo kinaweza kurudi bila jibu.

Ukae humo saa 6 hadi 72. Kinyama cha Chake Chake cha Alhamisi, boti ikikosekana kikafika Unguja Jumatatu, kimeshapitiliza.

Maabara ya patholojia hutoa gredi, yaani ukali wa saratani, kwa kujumlisha alama za vijineli, viini na seli zinazogawanyika: 3–5 ni gredi 1, 6–7 gredi 2, 8–9 gredi 3. Gredi 2, ya katikati, ndiyo inayotusumbua, na hapo kipimo cha jeni husaidia hasa.

Kipimo cha jeni kiitwacho Oncotype DX hupima jeni 21 kwenye bloku la nta, yaani kinyama kilichohifadhiwa ndani ya nta. Ni kwa uvimbe wenye vipokezi vya homoni ya estrojeni, usio na wingi wa protini ya HER2. Mwengine usimlipishe mgonjwa bure, ni ghali mno. Tezi za kwapa zikiwa safi, bila saratani, alama ya Oncotype ikiwa 26 kwenda juu, tibakemikali inafaa. Chini ya hapo, aliyezidi miaka 50 hutosheka na dawa za homoni. Mwenye miaka 50 au pungufu akipata 16–25, kaeni naye mzungumze: faida ya tibakemikali ipo, ila ndogo.