Kilo ngapi zinakutosha? Kuchagua mashine ya kufulia na ya kukaushia kwa nyumba za huku Zanzibar

Nimeitwa nyumba moja Mji Mkongwe nikaunge mashine mpya ya kufulia. Nafika, mashine naikuta dakani, mahamali wawili wamekaa pembeni yake wanakunywa kahawa. Kilo 10, mlango wa mbele, hata vibandiko havijabanduliwa. Lango la nje ilipita bila tabu. Kilichoizuia ni kijilango cha ndani, kile cha kutoka ukumbini kwenda uani: kina sentimita 58, na mashine ina 60.

"Mwanangu, huwezi kukichonga kidogo hapo pembeni?" bibi mwenye nyumba akaniuliza.

Nichonge nini, bibi, ukuta wa mawe na chokaa? Duka nalo lilikataa kuirejesha kwa kuwa boksi limeshachanwa. Mashine ikaishia kwa mtoto wake Fuoni, na bibi akarudi kwenye beseni.

Kazi yangu ni mashine za kufulia na mafriji, Unguja kila siku na Pemba nikiitwa. Mteja akinipigia kutaka ushauri, suali la kwanza huwa "tupo watu sita, nichukue kilo ngapi?" Mimi kilo naziacha katikati ya safari. Kabla yake kuna mlango, na baada yake kuna maji na umeme, na kimoja katika hivyo kikigoma, hizo kilo hazina maana. Fuata mpango huu.

Hatua ya 1: Pima njia

Futi ya fundi cherehani inatosha. Anza barabarani uende mpaka pahala mashine itakapokaa, upime kila mlango uwazi wake wa ndani, bila ya kuhesabu fremu. Mlango ukifunguka nusu tu, pima hiyo nusu. Kwenye ngazi pima kona, maana watu wanabeba mashine vizuri ghorofa nzima halafu wanakwama pa kugeukia. Waliowahi kupandisha kabati kwenye majumba ya Michenzani wananielewa.

Mashine za mlango wa mbele karibu zote zina upana wa sentimita 60 na kimo cha 85. Kinachobadilika ni kina: ya kilo 6 au 7 unaweza kuipata yenye sentimita 45 mpaka 50, ya kilo 9 au 10 inakaribia 60 au inapindukia. Yaani mashine kubwa inakula kina, haili upana. Nyuma yake ongeza sentimita 10 za mipira ya maji, na mbele acha 50 za mlango kufunguka na wewe kuinama.

Nyumba za kale za mjini zina jambo jengine. Sakafu za juu zimelala kwenye boriti za mikoko, na mashine ya mlango wa mbele peke yake ina kilo 60 hadi 75, kwa sababu ndani yake mna bonge la zege la kuituliza. Tia maji na nguo, unakaribia kilo 100 zinazotikisika wakati wa kukamua. Kama unaweza, iweke chini. Kama huna budi kuiweka juu, isogeze ukutani, pale ncha za boriti zilipoingia, usiiweke katikati ya chumba. Na uchunge mpira usivuje: boriti ikinywa maji kimyakimya utajua siku imeshaoza.

Hatua ya 2: Pima nguo, usihesabu watu

Kilo zilizoandikwa kwenye mashine ni za nguo kavu za pamba. Si za maji, wala si za nguo mbichi. Na ni za programu ya pamba peke yake. Ukichagua programu ya nguo laini au za nailoni, mashine hiyohiyo ya kilo 8 inataka kilo 3 au 4 tu. Fungua kitabu chake utaona jedwali. Buibui, mashungi na kanzu za tetroni zote zinaingia huko. Kwa nyumba zetu hilo si jambo dogo.

Chukua mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mabegi ya safari. Funga nguo chafu za siku tatu kwenye shuka, ning'iniza, andika. Nyumbani kwangu Jumamosi iliyopita ilikuwa hivi: kanzu tatu kilo 1.2, mabuibui mawili 0.9, kanga sita 1.2, sare za skuli jozi nne 1.8, mashuka mawili na foronya zake 1.4, mataulo manne 2.2, suruali mbili za jinsi 1.3. Jumla kilo 10 kamili.

Mwengine hapo angekimbilia dukani kununua ya kilo 10. Sasa tazama nguo hizo zinavyofuliwa kweli. Kanzu na mashati meupe ya skuli hayachanganywi na kitu. Kanga mpya zinachuja, na aliyewahi kutoa kanzu ya Idi ikiwa na rangi ya waridi hasahau. Mabuibui yanakwenda na sketi za skuli nyeusi. Mashuka na mataulo pamoja, kilo 3.6, na ndio fungu zito kuliko yote. Kwa hiyo nyumba ya kilo 10 inafua mafungu manne, na hakuna fungu linalofika kilo 4. Mashine ya kilo 7 inatutosha, na tunabakiwa na nafasi ya kufua mapazia.

Basi kanuni yangu ndiyo hii: chukua fungu lako zito kuliko yote, liongeze nusu yake, hizo ndizo kilo zako. Fungu la kilo 4, mashine ya 6 au 7. Fungu la kilo 6, mashine ya 9. Blanketi kubwa ndilo peke yake linaloniondoa kwenye kanuni hii, kwa sababu tatizo lake ni unene zaidi ya uzito. Kama unafua mablanketi kila mwezi, ongeza ukubwa.

Ukishajaza, kiganja chako kisimame wima baina ya nguo na dari ya pipa. Kisipoingia, umejaza kupita kiasi, na nguo zitatoka na unga wa sabuni. Kubwa kupita kiasi nayo ina adabu yake: tia taulo moja zito ndani ya pipa la kilo 12, wakati wa kukamua litalalia upande mmoja, mashine itajaribu mara tatu nne, halafu itakutolea nguo zinachuruzika maji. Watu wananiita kwa hilo wakidhani imeharibika. Naongeza mataulo mawili, inakamua, nachukua nauli yangu naondoka.

Hatua ya 3: Maji

Yana mambo mawili, wingi na msukumo.

Kwa wingi, mashine ya mlango wa mbele ya kilo 7 inatumia lita 45 mpaka 60 kwa fungu. Ya otomatiki ya mlango wa juu inaweza kufika 100 mpaka 150. Mafungu manne kwa mashine ya mlango wa juu, simtangi la lita 500 umeshalimaliza, na wa nyumbani hawajatia udhu. Mtaa wenu kama maji yanakuja kwa zamu, hesabu hii ifanye kabla ya kuangalia bei.

Msukumo ndio unaowachanganya watu. Niliitwa Wete kwa mashine inayowasha taa ya bomba na kugoma. Mwenyewe amefungua bomba, maji yanatoka, anayaona kwa macho yake. Nikatoka nje nikalitazama simtangi: limekaa juu ya kijukwaa cha kimo cha kifua changu. Kila mita moja ya kimo, kutoka usawa wa maji mpaka kwenye mashine, inakupa baa 0.1 tu. Nyuma ya mashine imeandikwa msukumo wa chini inaoutaka, kwa kawaida 0.03 au 0.05 MPa, yaani baa 0.3 au 0.5. Ya kwanza ni mita 3, ya pili mita 5. Lile la Wete lilikuwa na mita moja na nusu kwa makadirio ya huruma. Tukafunga pampu ndogo, yakaisha.

Kama huna pampu wala jukwaa refu, mashine ya matangi mawili haina aibu yoyote. Unaitia maji kwa ndoo, maji ya kusuuzia nguo nyeupe unafulia za rangi, na umeme ukikatika katikati unafungua kifuniko unatoa nguo zako. Ile ya mlango wa mbele inakufungia na maji yake ndani. Kitu kimoja tu cha kuangalia: namba kubwa ya nje ni ya tangi la kufulia. Tangi la kukamulia ni dogo, la kilo 10 huja na la kukamulia la 5 au 6, na hilo ndilo litakaloamua utasimama hapo muda gani.

Hatua ya 4: Umeme

Plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi ya ampea 13, ambayo kwa volti 230 ni wati 2,990. Mashine inayochemsha maji inavuta wati 2,000 hivi. Draya, yaani mashine ya kukaushia, ya kawaida inavuta 2,000 mpaka 2,700. Zitie zote mbili kwenye ekstensheni moja, umefika zaidi ya 4,000, na mimi nimeshatoa soketi ukutani zimeyeyuka kama peremende. Kila mashine na soketi yake, na draya ipate waya wake kutoka kwenye boksi la fyuzi. Mashine za mtumba zinazotoka Marekani, za volti 120 na umeme wa mizunguko 60 kwa sekunde, ziache hukohuko. Hata ukiinunulia transfoma, mizunguko yetu ni 50 na haibadiliki.

Hatua ya 5: Draya, unaihitaji kweli?

Kaskazi na Kusi, kamba uani inakausha kanga kabla hujamaliza kuanika ya mwisho. Shida ni Masika, na kidogo Vuli: nguo zinakaa kambani siku tatu na zinashuka na uvundo. Kwa wenzetu wa Pemba ongeza msimu wa karafuu, majamvi yametandikwa uwanja mzima, na nguo ndizo zinazohama.

Kwa nyumba nyingi jawabu langu huwa: kabla ya draya, nunua mashine inayokamua kwa mizunguko 1,200 au 1,400 kwa dakika badala ya 800. Nguo zinatoka na maji machache zaidi, na chini ya baraza lenye feni zinakauka usiku mmoja hata kwenye mvua. Hiyo ni tafauti ya fedha kidogo dukani, na haili uniti kila siku.

Ukiitaka kweli draya, iwe una wachanga, mgonjwa nyumbani au vyumba viwili vya wageni kule Jambiani, hapa ndipo ukubwa unapokosewa. Nguo zinazokaushwa zinataka hewa ya kuzunguka, ndiyo maana pipa la draya ya kilo 8 lina lita 110 hivi wakati la kufulia la kilo 8 lina karibu nusu yake. Chukua draya yenye kilo sawa na mashine yako au zaidi, kamwe isiwe chini. Kwa sababu hiyohiyo, mashine moja inayofua na kukausha imeandikwa namba mbili, kwa mfano 8 na 5. Inafua 8, inakausha 5. Ukiijaza 8 ukaiambia ikaushe, utatoa nguo zimekunjana, moto nje, mbichi mishononi. Hizi mimi sizipendi, ila kwa fleti yenye nafasi ya mashine moja sina la kusema.

Aina nazo zina mambo. Ya bomba la hewa ni rahisi, lakini bomba lazima litoke dirishani. Ukiliacha chumbani, unyevu wote wa nguo umeuhamishia ukutani. Ya kukusanya maji kwenye kitangi haitaki dirisha ila inapasha chumba moto. Zote mbili zinakula uniti 4 mpaka 5 kwa fungu la kilo 8. Ile inayotumia kompresa kama ya friji inakula 1.5 mpaka 2, haichomi nguo, na kuinunua ni ghali. Ukikausha mara mbili kwa mwezi, usiihangaikie. Ukikausha kila siku, hesabu uniti zako za Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, za mwaka mzima halafu linganisha bei.

Hatua ya 6: Dukani

Nenda na karatasi yako: upana wa mlango mwembamba kuliko yote, kina cha pahala pake, kilo za fungu zito, mita za simtangi. Muombe muuzaji akuoneshe kibandiko cha nyuma, si cha mbele. Fungua mlango utie mkono ndani ya pipa, litikise: lipwaye kidogo kwa kunepa, lisigonge. Kama ni ya mtumba, lala chini uangalie kutu ya miguuni, hewa yetu ya bahari inaanzia huko. Kama unataka kupandisha draya juu ya mashine, kina cha vyote viwili kilingane na ununue kabisa fremu yake ya kuunganishia.

Ikifika nyumbani, kabla ya kuiwasha, zunguka nyuma. Kuna skurubu ndefu nne, wakati mwengine tatu, za kulishika pipa safarini. Zitoe, ziweke kwenye mfuko pamoja na risiti. Mwezi uliopita nimeitwa Mwanakwerekwe kwa mashine "yenye pepo" iliyokuwa ikitoka chooni kila ikikamua na kuja mpaka mlango wa jikoni. Skurubu zote nne zilikuwa bado zimo.