Kujua mbegu yako ya ngano ya majira ya baridi inakunywa maji kiasi gani na inakulipa nini

Wengi wakichagua mbegu ya ngano ya majira ya baridi wanauliza tu inatoa gunia ngapi, mi naona hilo ni nusu swali, uliza inatoa ngapi kwa maji kiasi gani. Kuna mbegu ukiimwagilia inazipita zote, ukiinyima inaporomoka vibaya, na kuna nyingine ya kawaida tu ila mwaka wa ukame ndo unaiona kazi yake.

So gawa ploti ndogo ndogo, kila mbegu iwe na ploti isiyomwagiliwa kabisa, ya kumwagiliwa mara moja na ya mara mbili, na kila kitu kirudiwe angalau mara 3 maana shamba halifanani, kona moja ikiwa na udongo mzito unaoshika maji itakudanganya.

Hayo maji ya mara moja yape shina linapoanza kurefuka, suke bado liko ndani. Hapo ndo inaamuliwa machipukizi mangapi yatabaki na suke litabeba punje ngapi. Ya pili weka inapochanua ili punje zijae. Ukimwaga mengi mapema unapata majani mengi na mizizi mivivu, wakati mizizi ya ngano hii ikifuata maji inapita hata mita 1 na nusu kwenda chini. Na mbegu ndefu ukiizidishia maji na mbolea ya naitrojeni inaanguka na kulala chini yote, hapo usinitafute.

Hesabu sasa. Pima unyevu wa udongo siku ya kupanda na siku ya kuvuna, ule uliopungua jumlisha na mvua na ulichomwagilia, kisha toa yaliyotiririka nje na yaliyozama chini ya mizizi, yote kwa milimita (milimita 1 kwenye hekta ni lita 10,000). Tuseme ploti ya mbegu moja imetoa kilo 6,000 kwa hekta kwa milimita 450, hiyo ni kama kilo 13 kwa kila milimita, ya mbegu nyingine kilo 4,800 kwa 320, hiyo ni 15. Kama maji unayo ila ardhi ndogo chukua ya kwanza, kama kisima ndo kinakauka chukua ya pili, zile milimita 130 zikanyweshe kipande kingine.

Ila pima unyevu mpaka chini, mita 1 au zaidi. Mi mara ya kwanza niliishia sentimita 30, ikaonekana ploti isiyomwagiliwa inaishi kwa hewa tu.